Kabla ya kununua droni, pokeeni simu zetu

Ndugu na dada wa Beni, Butembo, Oicha, Mangina na Lubero,

Siku hizi kila mkubwa anayefika huku anaongea teknolojia: droni, kamera, mutuka yenye ofisi ya uongozi ndani, skrini kubwa yenye ramani. Ni vizuri. Sisi vijana hatukatai teknolojia, maisha yetu iko ndani ya simu. Lakini tuko na swali moja. Mama akiona watu wenye silaha wanapita pembeni ya shamba lake saa kumi na moja ya jioni, ataita nani? Kwa rezo gani? Na yule atakayepokea, naye ataita nani?

Kituo cha uongozi kisichoweza kujibu swali hilo, hata kikiwa na skrini kumi, hakituongozi.

Tukumbuke Ebola. Ilitangazwa tarehe 1/8/2018 kule Mangina, ikamalizika tarehe 25/6/2020. Wagonjwa 3.470, waliokufa 2.287. Uongozi wa riposti ulihama pamoja na ugonjwa: Beni, Butembo, kisha Goma. Tulijifunza kazi ya mashini nzuri. Ukiandika kwenye daftari la Beni jina la mtu aliyegusana na mgonjwa, halafu mtu huyo akapanda moto kwenda Butembo, kilometa 54 tu, daftari linabaki Beni na ugonjwa unafika Butembo. Ndiyo sababu OMS ilileta programu ya Go.Data, ili habari zimfuate mtu kokote anakoenda. Chanjo nayo ilihitaji friji za baridi kali sana, na watu zaidi ya 300.000 walichanjwa. Hiyo teknolojia iliokoa watu wetu, hatuwezi kuikana.

Lakini kumbukeni pia tarehe 31/12/2018. Baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchi nzima, na SMS pia, kwa karibu siku 20. Ebola ilikuwa inaua. Yule wa Butembo aliyetaka kutuma habari ya mgonjwa alifanya nini siku zile? Na sisi wa Beni na Butembo tulikuwa tumenyimwa kura ya rais, eti juu ya Ebola na usalama. Tulisongezwa mpaka mwezi wa 3, wakati rais alikuwa amekwisha kuapishwa. Kuamini kulikufa. Vituo vilishambuliwa Beni, Katwa na Butembo. Mwezi wa 4, 2019, daktari Richard Mouzoko wa OMS aliuawa Butembo akiwa kazini. Damu ile hatuiteteei hata kidogo. Lakini wakubwa wajue: hakuna programu inayoweza kumpata mgonjwa ambaye familia yake inamficha kwa woga.

Mwaka 2021 Ebola ilirudi mara mbili, mwezi wa 2 upande wa Butembo, mwezi wa 10 Beni. Kila mara ilizimwa ndani ya miezi isiyozidi mitatu. Wauguzi na wakubwa wa afya wa hapa njo walikuwa mbele, watu tunaowajua na wanaoongea luga yetu.

Sasa tuje kwa vita. Tangu mwezi wa 10, 2014, ADF wanachinja watu wa Beni. MONUSCO iligawa simu na radio katika vijiji vingi ili watu watoe alerti. Shida imebaki ileile: alerti inatoka, jibu linachelewa, asubuhi tunazika. Tangu tarehe 6/5/2021 tuko chini ya hali ya dharura, wanajeshi njo wanaongoza. Mstari wa amri ulipaswa kuwa mfupi. Halafu mwanzo wa 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23, uongozi wa jimbo ukahamia Beni. Kwa hiyo leo serikali ya jimbo yenyewe ni kituo kinachohama! Mtu wa Lubero aliyekuwa na numero ya ofisi ya Goma, leo anaita wapi?

Njo maana tunadai:

1. Numero moja ya bure, kwa Airtel, Vodacom na Orange, usiku na mchana, inayopokelewa kwa Kiswahili na Kinande. Ofisi ikihama, numero isibadilike.

2. Kila alerti iandikwe: saa iliyopokelewa, nani aliambiwa, saa ngapi watu walitoka. Kila mwezi watuambie hesabu. Bila hiyo, kila mmoja atasema "sikupata habari".

3. Aliyeita alindwe. Jina lake lisitembee. Kwetu, mtu akijulikana kwamba yeye njo alipiga simu, anaweza kufa.

4. Radio na paneli za jua kwa vijiji visivyo na rezo, na setelaiti kwa kituo cha uongozi. Starlink ilipewa ruhusa nchini mwezi wa 5, 2025, kisingizio kimepunguka. Lakini watuambie pia nani atalipa kila mwezi, na nani atatengeneza betri ikikufa.

5. Intaneti na SMS zisikatwe tena wakati wa dharura, hata kwa siku moja.

6. Mradi ukifungwa, mashini na habari zibaki hapa, mikononi mwa vijana wa hapa waliofundishwa.

Na sisi tuko na kazi yetu. Ile odio ya WhatsApp isiyo na jina, isiyo na tarehe, inayosema "wameingia, kimbieni", usiirushe kabla ya kuita mtu aliye pale. Alerti kumi za uongo zinaua ile moja ya kweli. Andika numero za shefu wa kijiji na za kituo cha afya kwenye karatasi pia, juu betri inakufa.

Wakubwa, droni nunueni kama mna pesa. Inaona kutoka juu, lakini mama kule shambani ameona kabla yake, na simu yake bado inalia bila mtu wa kuipokea.

Vijana raia wa Beni na Butembo