Mkeka Pembeni ya Duara

Novemba 2015, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai katika mgodi wa Nyangarata, Kahama, baada ya kufukiwa kwa siku 41. Dunia nzima ilisimuliwa kuhusu mende na vyura walioliwa humo chini. Januari 2017 wengine 15 wakaokolewa Geita baada ya kunaswa kwa siku kadhaa. Walipofikishwa juu walipigwa picha, wakapimwa, wakapewa pole. Toleo hili linauliza swali ambalo picha haziwezi kulijibu: mtu wa namna hiyo hulala vipi usiku?

Si lazima mtu afukiwe ndipo aharibikiwe usingizi. Duara ni shimo jembamba linaloshuka makumi ya mita, kuta zake zikishikiliwa na matimba ya miti. Mchimbaji hukaa humo amejikunja, tochi kichwani, nyundo na moko mkononi, huku vumbi la mawe likiingia kifuani. Juu, wanawake huketi miguu imenyooshwa mbele, wakiponda mawe yanayosubiri karasha, mashine ya kuyasaga. Jioni kiuno kinawaka, na mfukoni huenda hamna kitu, maana mgawo hutegemea dhahabu iliyopatikana. Dawa iliyo karibu ni kidonge cha maumivu cha dukani, au gongo. Viroba, pombe kali ya pakiti, vilipigwa marufuku Machi 2017. Mawazo yaliyokuwa yakivinunua hayakupigwa marufuku.

Hapo ndipo yoga tiba inapoingia, na wengi watacheka. Kwa Watanzania wengi yoga ni ya watalii walio kwenye ufukwe wa Zanzibar. Lakini kinachozungumzwa hapa ni kitu cha kawaida kabisa: mtu analala chali juu ya mkeka, magoti juu, nyayo chini, ananyanyua nyonga polepole huku akivuta pumzi, kisha anazishusha akiitoa kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta. Anarudia, bila kulazimisha pale panapouma.

Je, inasaidia? Mwaka 2017 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 320 wenye maumivu sugu ya mgongo, wengi wao wa kipato cha chini: yoga haikuwa nyuma ya tiba ya viungo inayotolewa na wataalamu. Mwaka 2014, utafiti mwingine wa Marekani uliwapa yoga kwa wiki kumi wanawake waliokuwa na kiwewe cha muda mrefu. Zaidi ya nusu hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo, ilhali kwenye kundi la ulinganisho ilikuwa kama mmoja kati ya watano. Utafiti huo ulikuwa mdogo, wa watu 64, na uchambuzi wa tafiti nyingi za mgongo unaonyesha nafuu ya kiasi, si miujiza. Kwa mtu anayetegemea kiuno chake kula, hata nafuu ya kiasi ni mali.

Hatari kubwa ya mpango huu iko kwenye zebaki inayotumiwa kunasia dhahabu. Mvuke wake dhahabu inapochomwa hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua, hasira huja bila sababu. Dalili hizo zinafanana mno na msongo wa mawazo. Mwalimu wa yoga asiyejua hilo atamfundisha kupumua mtu aliyevuta sumu, tena huenda akamfundisha palepale moshi unapofuka. Kwa hiyo vipimo vitangulie. Na mwenye kikohozi kisichoisha aanzie kituo cha afya, akapimwe kifua kikuu na madhara ya vumbi kwenye mapafu.

Viongozi wa dini watauliza kama yoga ni ibada, na wana haki. Malaysia ilipitia mjadala huo mwaka 2008: baraza la fatwa lilikataza yoga yenye mantra na ibada, kisha waziri mkuu akafafanua kuwa mazoezi ya mwili pasipo mantra hayana tatizo. Kahama na Geita zinaweza kuanzia hapo. Usukumani, ambako ngoma ya wigashe huchezwa watu wakiwa wameketi, mwili kuliwaza moyo si jambo la kuagizwa kutoka India.

Walimu wapatikane wapi? Nairobi, shirika la Africa Yoga Project limekuwa likiwafundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini tangu 2007, na baadhi yao wameifanya kazi ya kuwaingizia kipato. Fedha nazo zina mlango. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanazitaka kampuni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mipango hiyo imezoea madarasa, zahanati na barabara. Pendekezo la jarida hili ni fungu dogo la majaribio ya miezi mitatu Nyarugusu au Rwamagasa, mkoani Geita: wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kwa Kiswahili, zebaki ipimwe kwenye mkojo kabla ya kuanza, maumivu na saa za usingizi ziandikwe kila wiki. Wanawake wapangiwe muda wao, baada ya karasha kuzimwa na kabla ya jiko kuwashwa.