Roboti Yako Haina Shida ya Programu, Ina Shida ya Kaplingi

Wasee, niseme hii mara moja halafu mnitukane mkitaka: roboti nyingi tunazounda huku nyumbani haziuawi na programu mbaya. Zinauawa na kipande cha chuma kidogo kuliko kidole gumba. Kaplingi. Kile kinachounganisha shafti ya mota na ekseli ya gurudumu.

Najua kwa sababu yangu ilikufa hivyo, tena mbele ya watu. Mota inanguruma, gurudumu la kushoto limesimama tu kama limegoma. Jaji akaniambia niangalie programu. Nami nikakesha siku mbili nikiandika upya mistari ambayo haikuwa na kosa lolote. Na kwa timu yetu kulikuwa na msichana wa chuo cha ufundi aliyetuambia wiki mbili kabla, "Hilo shimo limepanuka, skrubu inateleza." Tukamjibu hiyo ni kazi ya fundi, tutaona baadaye.

Kazi ya fundi! Kwani sisi tulikuwa tunaunda nini, mashairi?

Hebu tupige hesabu. Gurudumu langu, kutoka katikati hadi ukingoni, ni milimita 60. Shafti ni milimita 3. Gurudumu likisukuma kwa nguvu ya kilo 5, pale kwa shafti kaplingi inapambana na kilo 100. Na yote hiyo tumeiachia kaskrubu kamoja kanakogusa chuma cha mviringo. Kila ukienda mbele na kurudi nyuma kanakwaruza kidogo, shimo linapanuka kidogo. Roboti inaanza kwenda kombo, inachelewa kugeuka, na wewe uko kwa laptopu unabadilisha namba.

Halafu kuna wale wa "mwaga supaglu." Manze, acheni. Supaglu ikikauka ni ngumu lakini inapasuka ikitikiswa, na roboti kazi yake ni kutikisika. Itashika asubuhi, ikuache jioni, na siku ya kutoa mota utaitana nyundo. Wale wa "agiza seti mpya kutoka China" ndio wananichosha zaidi. Unangoja wiki kadhaa, unafunga kaplingi mpya kwa mota ileile iliyokaa upande, inaliwa tena. Kaplingi kuisha mapema mara nyingi ni dalili kwamba mota na ekseli haziko kwa mstari mmoja.

Mimi nilienda Kariobangi Light Industries, kwa mzee mmoja wa mashine ya kukereza. Nikamwambia shimo ni milimita 6. Akanyoosha mkono: "Lete shafti nipime mwenyewe." Alipoona ile kaplingi ya zamani akacheka, akauliza nani aliitoboa. Sikujibu. Akanikerezea nyingine ya chuma, yenye skrubu mbili zilizoachana digrii 90, na akaniambia nichukue tupa nipige ubapa mdogo kwa shafti kila mahali skrubu itakapokaa, nikifunika mota kwa kitambaa isimeze vumbi la chuma. Nyumbani nilikata mkebe wa soda vipande, nikaviweka chini ya mota kimoja kimoja mpaka shafti mbili zikatazamana. Unajua imekaa ukiizungusha kwa mkono na hakuna mahali inakaza.

Sasa niambieni, huyo mzee ashawahi kuitwa na klabu gani ya roboti? Tunaita watu wa suti watuambie kuhusu akili bandia, na roboti yenyewe haiwezi kuvuka meza. Tumefundishwa kwamba mwenye laptopu ndiye anafikiria na mwenye grisi mkononi ni wa kutumwa. Hiyo dharau ndiyo ilinichapa kwa maonyesho.

Yule msichana nilimpigia simu kuomba msamaha. Alinisikiliza, kisha akauliza kama nimeshaangalia kaplingi ya kulia.

Sikuwa nimeangalia.