Usalama wa Watoto Haufundishwi kwa Nyimbo Tu

Majukwaani twapenda kusema kwamba watoto ndio taifa la kesho. Basi tukumbuke kwamba taifa hilo la kesho linavuka barabara leo, saa moja asubuhi, likiwa na daftari mkononi. Kila Januari wazazi hununua sare na kalamu kwa ajili ya mtoto wa darasa la kwanza. Lakini ni nani aliyetembea naye njia ile hatua kwa hatua, akamwonyesha pa kuvukia na pa kuogopa?

Tulipokuwa tukijifunza ualimu chuoni, tulipelekwa kufanya mazoezi katika shule moja iliyo kando ya barabara kuu. Watoto wa darasa la kwanza walituimbia vizuri mno: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena. Tukapiga makofi. Kisha tukawaambia, "Haya, kila mmoja anyooshe mkono wa kulia." Karibu nusu wakanyoosha wa kushoto. Siku ile tulifahamu kwamba wimbo waliujua, lakini barabara walikuwa bado hawajafundishwa.

Jambo hili si la mzaha. Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba ajali za barabarani huua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote. Motokaa iendayo kilometa 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho ulioruhusiwa penye makazi ya watu nchini Tanzania, hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Mtoto mdogo hawezi kuupima mwendo huo kwa macho. Na akisimama nyuma ya daladala, dereva wa gari lijalo hamwoni.

Basi afundishwe kwa vitendo. Mwalimu awatoe watoto wachache wachache hadi ukingoni mwa barabara, wasimame, wasikilize, watazame, wavuke kwa kutembea wala si kwa kukimbia. Na wafanye hivyo wiki baada ya wiki. Wazoee kungoja daladala liondoke ndipo wavuke. Nyumbani nako wafundishwe: mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda si kinywaji, kisima kisicho na mfuniko si mahali pa kuchezea, mwenzako akitumbukia majini usijitupe kumfuata, bali piga kelele, mwite mtu mzima, mtupie kamba au dumu tupu. Na namba ya Zimamoto, 114, waijue kwa moyo.

Wapo watakaosema kwamba vipindi vimejaa na madarasa yamefurika. Ni kweli, nasi vumbi la chaki twalijua. Lakini dakika kumi kwa wiki hazikosekani. Wengine husema, "Mtoto mtundu ndiye agongwaye." Hapo twakataa katakata! Tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu, basi la shule lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto wale walikuwa wameketi garini wakienda kufanya mtihani. Utundu wao ulikuwa upi? Kumfundisha mtoto hakumpunguzii mtu mzima wajibu wake hata chembe.

Dar es Salaam imetuonyesha kwamba yawezekana. Huko shirika la Amend limejenga matuta, njia za miguu na vivuko karibu na shule, na papo hapo likawafundisha watoto. Majeruhi walipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa. Somo na tuta vilikwenda pamoja, na hapo ndipo faida ilipoonekana.

Kwa hiyo twatoa wito kwa kila tawi na kila shina. Kabla shule hazijafunguliwa Januari, wajumbe watembee njia wanayopita watoto. Visima vilivyo wazi vifunikwe kwa nguvu zetu wenyewe. Panapohitajiwa tuta, iandikwe barua kwa halmashauri. Isipojibiwa, iandikwe ya pili na ya tatu. Wazee wapange zamu ya kuvusha watoto asubuhi. Na ndugu zetu wa bodaboda wapunguze mwendo wapitapo penye shule, maana wadogo zao wamo humo humo.

Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo umetufariji katika misiba mingi, lakini pia umetulaza usingizi. Mfuniko wa kisima ni kinga. Tuta ni kinga. Mkono wa mzee ulioushika mkono wa mtoto ni kinga. Tusingoje kuchimba kaburi dogo ndipo tuitishe mkutano.