MAWINGU YA NYARUGUSU: MVUA AU MBWEMBWE?

Haya tena msomaji wangu, wiki hii tuwaache wapenzi wapumue kidogo. Leo nina kesi na bingwa wa ahadi hewa anayewaliza vijana wa Nyarugusu kila kiangazi kikikaza. Si mwingine, ni wingu!

Wingu bwana lina tabia za brazameni. Linajipamba, linanguruma, linapiga miali. Akina mama wanatoa ndoo na madumu, wa mialoni wanashangilia kwamba sasa maji ya kuoshea mchanga wa dhahabu hayatanunuliwa tena. Mara upepo huo, wingu limehama na jua limerudi kukodoa macho. Hapo ndipo utawasikia washikaji wa kijiweni: "Subirini, hicho kinageuka kimbunga!"

Jamani, tuelezane. Kimbunga hakizaliwi Geita, wala juu ya Ziwa Victoria, hata radi ipige vipi. Kinataka bahari yenye joto la nyuzi kama 27, tena iliyo mbali na Ikweta, kwa kawaida nyuzi 5 za latitudo na kuendelea, ili mzunguko wa dunia uupe upepo nguvu ya kuzunguka. Nyarugusu tuko nyuzi kama 3 tu. Kwa hiyo dhoruba tutaziona, ila kimbunga cha kwetu hakipo.

Lakini usicheke mapema. Machi 2019, mvua kubwa iliingia nchi kavu Msumbiji na Malawi, ikamwaga maji na kuleta mafuriko. Watu wakadhani imekwisha. Kumbe ilirudi baharini, ikanywa joto la Mlango wa Msumbiji, ikageuka kimbunga Idai na kuipiga Beira usiku wa Machi 14. Watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha Msumbiji, Zimbabwe na Malawi.

Na sisi wa bara inatuhusu nini? Inatuhusu sana! Kimbunga kikikaa pale Mlango wa Msumbiji, huvuta unyevu kuelekea kusini, na huku kwetu mawingu yanabaki ya maonyesho. Mwaka ule wa Idai masika yalichelewa sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kikikaa mashariki ya Madagaska mambo hugeuka: mara nyingi upepo wa magharibi hupata nguvu, unabeba unyevu wa misitu ya Kongo na kutuletea mvua. Ndivyo ilivyokuwa Machi 2018. Yaani kitu kilicho mbali kabisa baharini ndicho kinachoamua kama dumu lako litajaa!

Sasa sikia hili, wewe unayeshuka duarani. Baada ya ukame mrefu, mvua ikija kila mtu anafurahi, lakini ardhi iliyokauka na kupasuka ikinywa maji inakuwa nzito na kulegea, na matimba nayo yana mwisho wake. Januari 2024 kule Bariadi, mkoani Simiyu, watu zaidi ya 20 walifukiwa na kufa mgodini. Kwa taarifa za viongozi, waliingia eneo ambalo uchimbaji ulikuwa umezuiwa kwa sababu ya mvua. Wengi walikuwa vijana, rika letu hili hili. Na Nyarugusu yenyewe haijasahau Januari 2017, wachimbaji 15 walipofukiwa wakakaa chini siku kadhaa kabla ya kutolewa hai. Bahati ya namna hiyo haiji kila siku, mshikaji.

Kwa hiyo acha kumsikiliza mtabiri wa kijiweni. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila siku na wa msimu, na redio unayo mkononi ndani ya simu yako. Ukisikia kimbunga kiko baharini, uliza kiko upande gani wa Madagaska. Na mvua kubwa ikishanyesha, duara lipumzishe kwanza. Dhahabu haina miguu, itakusubiri. Mama yako nyumbani naye anakusubiri, ila yeye anakutaka uzima.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Mapenzi yatarudi uwanjani!