Dodoso la mguu: kulitafsiri tu hakutoshi

Mtu akiteguka kifundo cha mguu shambani, au akianguka na bodaboda, picha ya eksirei itaonyesha kama mfupa umevunjika. Haitaonyesha kama anaweza kuchuchumaa chooni, kubeba ndoo ya maji au kushuka mteremko. Hayo anayajua mwenye mguu. Ndiyo maana wataalamu wa mazoezi tiba hutumia dodoso, ambapo mgonjwa mwenyewe anaeleza anachoweza na kinachomshinda.

Moja linalotumika sana duniani linaitwa LEFS. Lilichapishwa mwaka 1999 na Jill Binkley na wenzake, kwa Kiingereza. Lina maswali 20 kuhusu shughuli za kila siku. Kila jibu lina alama kuanzia 0, yaani huwezi kabisa au unapata shida kubwa mno, hadi 4, yaani hupati shida yoyote. Alama zote ni 80. Zikipanda, mguu unapata nafuu.

Msikilizaji wa kijijini linakuhusu nini? Alama hizo zinaweza kumsaidia mtaalamu kuamua kama utaendelea na mazoezi au umefika pa kuruhusiwa. Zikidanganya, unarudi kwenye jembe na mguu usiopona.

Na zinaweza kudanganya bila mtu kusema uongo. Lipo swali la kuingia na kutoka kwenye bafu, lile la kujaza maji na kukaa ndani. Anayeoga kwa ndoo na kopo ajibu nini? Lipo la kutembea umbali unaohesabiwa kwa mitaa ya mjini. Neno "mguu" nalo lina mtego: kwetu ni kuanzia nyonga hadi vidole, Kiingereza kina neno la mguu mzima na jingine la chini ya kifundo. Hata ngazi za majibu ni tatizo: "shida kiasi" na "shida ya wastani", wengi wetu tunaona ni kitu kimoja.

Halafu kuna adabu zetu. Ukiulizwa "hujambo?" unajibu "sijambo" hata kama una homa. Mzee akiulizwa mguu unaendeleaje, husema, "Namshukuru Mungu." Ni jibu la heshima, lakini kwenye dodoso linaweza kugeuka kuwa alama 4.

Kwa hiyo tafsiri hupitishwa kwenye majaribio. Watu wawili hutafsiri kila mmoja peke yake, kisha kazi zao huoanishwa. Wengine, ambao hawajaona maswali ya asili, huirudisha kwa Kiingereza ili ionekane maana ilipopotea. Wagonjwa wachache huulizwa wameelewa nini. Baada ya hapo dodoso lenyewe hupimwa: ambaye hali yake haijabadilika akijibu leo na tena baada ya siku chache, alama zikaribiane, anayepona, zipande. Wafini walilijaribu toleo lao kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa mguu na kifundo.

Mkulima wa pamba au korosho analielewa hili. Hakubali mizani isiyokaguliwa hata kama inang'aa. Na mizani iliyokaguliwa nayo ina kiwango chake cha usahihi. Waliotunga LEFS waliona kwamba mabadiliko yasiyofika alama 9 hayatoshi kusema hali imebadilika kweli. Kutoka 40 hadi 45 kunaweza kuwa tofauti ya siku tu.

Ukipewa dodoso kliniki, uliza kama limejaribiwa kwa wasemaji wa Kiswahili. Swali usilolielewa, sema hujalielewa. Kama hujawahi kufanya jambo linaloulizwa, sema hivyo, usibahatishe. Usijibu ili kumfurahisha muuguzi. Mwambie pia kazi ambayo karatasi haikuitaja: kulima, kukamua, kupanda mnazi. Huko ndiko mguu wako utakakopimwa kweli.