Hiba Isifanywe Hila

Hiba ni mali ambayo mtu humpa mwenzake akiwa hai bila malipo. Sheria ya Kiislamu inataka mtoaji atamke, mpokeaji akubali, kisha mali ikabidhiwe. Sayyidna Abubakar alimpa bintiye, Bi Aisha, tende za kipimo cha wasaki 20. Bi Aisha hakuwahi kuzichukua, na mzee alipokaribia kufa akamwambia kuwa sasa ni mali ya warithi. Huyo ni Mama wa Waumini!

Kibaha na Kisarawe, kadiri bei ya ardhi inavyopanda, hutokea mzee wa swala tano, mtu wa heshima zake, akaandikisha shamba la mikorosho kwa jina la wanawe wa kiume, ati mabinti watawapelekea wakwe. Kisha huendelea kuvuna na kupokea fedha za korosho mwenyewe hadi anafukiwa. Karatasi ipo, makabidhiano hayapo. Ujanja mwingi mbele kiza. Na akiandika akiwa katika maradhi ya mauti, hiba hiyo huhesabiwa kama wasia: kwa mrithi haipiti mpaka warithi wenzake waridhie.

Sahaba Bashir alipompa mwanawe Nuuman zawadi, Mtume alimuuliza kama amewapa watoto wote mfano wake. Hakuwapa, Mtume akakataa kushuhudia. Mashafii, ambao ndio wengi Pwani, wanasema kusawazisha ni sunna na kupendelea ni karaha. Mahanbali wanasema ni wajibu. Muungwana hatafuti nafasi ya kudhulumu ndani ya neno karaha.

Mafungu yenyewe ya mirathi hayamfilisi mtu. Shamba la ekari 8, mjane mmoja, wavulana wawili, mabinti watatu: mjane ekari 1, kila mvulana 2, kila binti 1. Ekari hiyo moja ndiyo inayoonewa choyo! Hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Lipo na la arobaini. Pilau hupikwa kwa mali ya marehemu, yatima wakiwamo, na wanaokula ni haohao wanaomsihi binti “asamehe” fungu lake mbele ya kadamnasi. Mali ya marehemu hutoka kwanza kwa mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo mirathi. Mahari ya mjane ambayo haikulipwa ni deni. Hutangulia mafungu yote, na mbuzi wa arobaini hayumo katika orodha hiyo.