Tuihukumu mikahawa ya Garissa kwa haki

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ingetosha kuwa kipimo cha mikahawa ya kando ya barabara lau walaji wote wangekuwa wenyeji, watu warudio kesho na keshokutwa. Lakini Garissa, mji ulio yapata kilomita 370 kutoka Nairobi, ni mji wa wapitao. Abiria huvuka daraja la Mto Tana, hushuka, hula mbiombio, kisha hushika njia ya Dadaab, Wajir au Mandera. Akifika aendako hutangaza hukumu yake: huko hakuna chakula, huko ni nzi na nyama ngumu. Hukumu hiyo husafiri kasi kuliko basi, na mwalimu mgeni aliyepangiwa shule ya Waberi huijua kabla hajafungasha mizigo.

Hukumu ya namna hii ina asili mbili: uchache wa msamiati na uchache wa subira. Nianze na la kwanza, kwa kuwa ndilo la taaluma yangu. Katika insha za wanafunzi wetu kuhusu ziara ya hotelini, aghalabu chakula huwa "kitamu ajabu" au "kibaya mno", basi. Ilhali Kiswahili hakina umaskini huo. Mchuzi usiokolea chumvi ni chapwa. Wali uliozidi maji ni mashendea. Maziwa yaliyolala yamechacha. Nyama yaweza kuwa mbichi, kuungua au kuoza, na kila kasoro ina dawa yake. Asemaye "kibaya" hajamfaa mpishi wala mlaji. Asemaye "mashendea" amemwonyesha mpishi la kutenda: apunguze maji.

La pili ni subira ya kuuliza. Mgeni aletewapo maziwa ya ngamia hunusa moshi na kulalamika kwamba yameungua. Hajui kuwa wafugaji hukifukiza chombo kwa kijinga cha mti maalumu ili kukisafisha na kuyatia maziwa harufu nzuri, jinsi watu wa pwani wafukizavyo nguo kwa udi. Huletewa wali na ndizi mbivu katika sahani moja, akacheka. Hajaonja jinsi utamu wa ndizi utulizavyo ukali wa pilipili, wala hajakumbuka kuwa mashamba ya ndizi yako pale pale kando ya Mto Tana alioupita. Akiuliza majina atapata somo zima la historia: tambi huitwa baasto, neno lililotoka kwa Waitaliano walioitawala Somalia, shaah ni ndugu wa chai yetu, sambusa imesafiri kutoka Uajemi na Arabuni hadi ikawa ya kila mtu. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali.

Hata hivyo, kuuliza kwa adabu kusigeuke kuwa kufumbia macho uchafu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia biashara za kuwauzia watu chakula. Si hisani, ni wajibu. Kipindupindu kilichozuka nchini mwishoni mwa 2022 hakikuiacha Garissa, na ugonjwa huo huenezwa na maji na mikono michafu. Mfuko wa homa ya bonde la ufa uliozuka mwishoni mwa 2006 ulitufundisha kuogopa nyama isiyokaguliwa. Kwa hiyo mlaji ana haki ya kuuliza: Je, maji ya kunawa yatiririka, au sote twachovya mikono katika beseni moja? Sabuni ipo? Nyama ina mhuri wa mkaguzi? Maziwa yamechemshwa? Mtungi wa plastiki uliochukua mahali pa kibuyu huoshwa vipi, maadamu haufukiziki? Bei imeandikwa ukutani, au hupanda kila aingiapo mgeni?

Lipo swali jingine, nalo kwangu ndilo kubwa zaidi: ni nani walioketi mezani? Mwezi wa Aprili 2013 watu wenye bunduki waliwamiminia risasi walaji katika hoteli moja mjini Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu mjini humo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa, madarasa yakabaki bila wafunzaji. Waliotenda hayo walitaka Mkristo na Mwislamu, mwenyeji na mgeni, wasile pamoja wala kusoma pamoja. Mkahawa ambamo mwalimu kutoka Kitui na mchunga ngamia hugawana jagi moja la maji unafanya kazi ambayo hakuna warsha wala hotuba iwezayo kuifanya. Mgeni anayeususia kwa sababu ya uvumi, na mwenye mkahawa anayemtoza mgeni bei maradufu, wote wawili wanaidhoofisha meza hiyo.

Basi nawapendekezea walimu wa Kiswahili jambo dogo. Wapeni wanafunzi zoezi la kuzuru mkahawa ulio karibu na shule, wawili wawili, kwa idhini ya mwenyewe, wakati usio wa msongamano. Wamsalimu mpishi kwanza. Waandike walichokiona, walichokinusa na walichokionja, kila kitu kwa jina lake, na sababu ya kila sifa na kila lawama. Kisha wamsomee mwenye mkahawa walichoandika kabla ya kumkabidhi mwalimu. Anayejua kuwa maneno yake yatasikiwa na yule anayemhukumu huyapima maneno hayo. Kijana akijifunza kuhukumu sahani ya wali kwa ushahidi, hatakuwa mwepesi wa kuhukumu kabila, dini au mji mzima kwa uvumi.